Mgeni wa Ghuba anayesomesha watoto wa Mida

Na Mwandishi Wetu, Watamu

MAJI yanajaa taratibu katika hori ya Mida, karibu na Watamu na Gede katika Kaunti ya Kilifi. Kila yanapopanda, kundi la ndege weusi kwa weupe linasogea kidogo kuelekea kwenye mikoko. Juu ya daraja la mbao na kamba linalopita katikati ya mikoko hiyo, wageni sita wamesimama na darubini zao. Hakuna anayezungumza isipokuwa kijana anayewaongoza, naye ananong'ona.

Ndege wanaotazamwa ni wala kaa. Wana miguu mirefu ya kijivu, mgongo mweusi, kifua cheupe na mdomo mnene mweusi wa kuvunjia gamba. Ndege anatembea hatua chache, anasimama, anakimbia ghafla, kisha anamwinua kaa na kumtikisa mpaka miguu inakatika.

Mgeni mmoja mzee amepiga picha mpaka betri ya kamera imekwisha. Kibandani amelipa kiingilio. Kijana wa kuongoza analipwa ujira wake. Asubuhi mgeni huyo alikodi mtumbwi, na jioni atakula sambusa za kaa kwenye mgahawa wa wanakijiji. Kesho atakwenda msituni, atalipa tena.

Hakununua hata unyoya mmoja.

Siku mbili kabla ya hapo nilikuwa ndani ya basi lililotoka Tanga kwenda Mombasa. Pembeni yangu alikaa mama anayeuza machungwa ya Muheza ng'ambo ya mpaka. Mzigo wake ulikuwa umetangulia kwa lori. Aliniuliza naenda wapi. Nilipomwambia naenda kuwaona watu wanaosafiri kutoka Ulaya kuja kutazama ndege, alicheka hadi abiria wa mbele wakageuka.

"Kwani mwanangu, hao ndege wanaliwa?"

Nikamwambia hawaliwi, mama.

"Basi wanauzwa?"

Hawauzwi.

"Sasa faida yake nini?"

Tulipoachana Mombasa alinipa machungwa mawili na namba yake ya simu, akaniagiza nikipata jibu nimpigie. Makala haya ni jibu hilo, na si lake peke yake. Ni la kila anayepita Horohoro, Namanga, Holili, Sirari au Mutukula akiamini kuwa utalii ni biashara ya wenye mahoteli na magari makubwa.

NJIA YA MAJAHAZI

Mla kaa hazaliwi Kenya wala Tanzania. Huzaliana kwenye fukwe na visiwa vya mchanga vya Ghuba, Bahari ya Uarabuni na Bahari ya Shamu, zikiwamo pwani za Oman, Falme za Kiarabu, Iran, Saudi Arabia, Yemen na Eritrea. Huchimba shimo mchangani na kutaga humo yai moja jeupe, na joto la mchanga humsaidia kuliatamia. Duniani kote wanakadiriwa kuwa kati ya 60,000 na 80,000 tu.

Kuanzia Agosti huanza kushuka kusini. Kutoka Oman hadi Mida ni zaidi ya kilomita 3,000. Wengine hutua Lamu, wengine Tanga na delta ya Rufiji, na wapo wanaofika hadi Madagascar. Ifikapo Aprili wengi huwa wamekwisha kurudi. Wazazi huja na kinda wao na kuendelea kumlisha huku ugenini, hivyo ukitulia darajani utamsikia ndege mkubwa kama mama yake akimlilia mama huyo amgawie kaa.

Watu wa pwani wanaijua njia hiyo, kwa kuwa ni njia ya majahazi. Kwa karne nyingi majahazi ya Uarabuni yalishuka na upepo wa kaskazi yakiwa na tende, chumvi na papa mkavu, kisha yakarudi na kusi yakiwa yamepakia boriti za mikoko kutoka Lamu na Rufiji. Boriti hizo zilikwenda kuezekea nyumba katika nchi zisizo na miti mirefu. Mwaka 1982 Kenya ilizuia boriti kuuzwa nje. Biashara ile ikakoma, lakini ndege hakuacha safari, na mkoko uliokuwa na thamani baada ya kukatwa ukaanza kuwa na thamani ukiwa umesimama.

Wala mla kaa si mgeni peke yake. Kwenye tope lile lile la Mida kuna vitwitwi waliozaliwa Siberia, karibu kabisa na ncha ya kaskazini ya dunia. Mmoja wao, mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kwenda chini, ana uzito wa gramu 60 hivi, karibu sawa na yai la kuku. Wapo wengine waliotoka milima ya Asia ya Kati. Kuna sululu, yangeyange, korongo na heroe. Wote wanategemea minyoo, kaa na konokono walioko kwenye tope ambalo mgeni wa mjini angeliona halina maana.

ADA YA SHULE INATOKA TOPENI

Daraja la Mida, lenye urefu wa zaidi ya mita 200, lina kibanda cha kutazamia ndege mwishoni mwake. Ni sehemu ya mpango uitwao ASSETS, ulioanzishwa mwaka 2001 na shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya. Fedha za viingilio, pamoja na michango ya wahisani, huwalipia ada ya sekondari watoto wa familia zinazoishi kandokando ya hori hii na ya msitu jirani wa Arabuko-Sokoke.

Mzazi naye ana wajibu wake. Familia zilizomo kwenye mpango hushiriki kupanda miti na kujifunza utunzaji wa mazingira. Mtu aliyekuwa akiingia mikokoni na panga usiku anapewa sababu ya kuuacha mkoko, na sababu hiyo ni mtoto wake aliyeko kidato cha pili.

Ng'ambo ya hapo, Dabaso, kikundi cha wanakijiji kinaendesha mgahawa wa Crab Shack, uliojengwa kwa mbao juu ya mikoko. Wanachama hupanda mikoko, hunenepesha kaa na kuwapikia wageni. Kaa anayeuzwa sambusa mbele ya machweo ana bei ambayo kaa wa kufungwa kamba kando ya barabara hajawahi kuiona.

Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba 420 hivi, ndio mkubwa kuliko misitu mikavu ya pwani iliyobaki Afrika Mashariki. Humo anaishi bundi mdogo kuliko njiwa, ambaye duniani anajulikana sehemu mbili tu: hapa Kilifi, na chini ya milima ya Usambara Mashariki upande wa Tanzania. Watazamaji wa ndege hulipa nauli ya ndege ya kimataifa ili wamwone kwa dakika tano. Sehemu hizo mbili zimetenganishwa na mpaka wetu, na aliyemwona bundi huyu Sokoke ana sababu nzuri ya kwenda kumtafuta Usambara.

Pale Gede kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993. Wakulima waliozunguka msitu hufuga vipepeo na kuuza mabuu yaliyojifunga, ambayo hupelekwa kwenye nyumba za maonyesho Ulaya na Marekani. Mkulima anaulinda msitu kwa sababu kipepeo mzazi na majani ya kumlishia hutoka humo.

Mwaka 2020 ulionyesha udhaifu wa biashara hii. Machi ya mwaka huo Kenya ilisimamisha safari za ndege za kimataifa kwa sababu ya corona, zikarejea Agosti 1. Kwa miezi hiyo wageni wa nje hawakuonekana, na asiyekuwa na shughuli ya pili alirudi kutazama mkoko kama kuni. Wanaoishi kwa ndege wanajua sasa kuwa utalii peke yake hautoshi. Ndiyo maana kaa, nyuki na shamba haviachwi.

ALIYEPOKEA TENGA

Tukiwa kwenye foleni ya Lunga Lunga, yule mama alinisimulia kisa cha mwenzake. Miaka kadhaa iliyopita mtu asiyemfahamu alimwomba amvushie tenga lililofunikwa kitambaa, kwa ahadi ya kulipwa akifika upande wa pili. Hakuuliza ndani kuna nini. Ndani walikuwamo ndege hai, wengine wameshakufa kwa joto. Mwenye tenga hakuonekana tena. Mwenzake alishikiliwa, mzigo wake wa vitunguu ukaoza, na mtaji wa miaka sita ukaishia kwa wakili na nauli za mahakamani. Leo anauza maandazi stendi.

Wafanyabiashara wadogo ndio huombwa kubeba matenga kama hayo, kwa sababu sura zao zimezoeleka mpakani.

Sheria ziko wazi pande zote mbili. Kenya ina sheria yake ya uhifadhi wa wanyamapori ya mwaka 2013, Tanzania ina ya mwaka 2009, na zote hazimruhusu mtu kukamata, kubeba au kuuza ndege wa porini bila kibali. Mei 2016 Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi, ndege wakiwamo. Hatua hiyo iliwaumiza hata wafugaji wa vipepeo wa Amani, Usambara Mashariki, waliokuwa wakifanya biashara kama ya wenzao wa Gede.

Kwa wenzetu wanaopita mipaka ya Kongo, Uganda na Rwanda, jina la kukumbuka ni kasuku wa kijivu. Mkutano wa mkataba wa CITES uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 ulimweka kwenye kundi la ulinzi wa juu kabisa, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Hakuna stempu ya mpakani inayoweza kuihalalisha.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kasuku wa tenga huuzwa mara moja, na kabla hajafika kwa mnunuzi wenzake kadhaa wamekufa njiani. Mla kaa wa Mida hutazamwa leo, kesho na msimu ujao, na kila anapotazamwa mtu analipa. Akiondoka Aprili, anarudi mwenyewe Agosti bila kulipiwa nauli.

WALIOMWOGOPA KORONGO

Jambo hili halijafanyika Mida peke yake. Katika kinamasi cha Mabamba, upande wa Uganda wa Ziwa Victoria, si mbali na Entebbe, anaishi korongo mkubwa mwenye mdomo kama kiatu. Wavuvi wa hapo walimwona kuwa ni mkosi: ukikutana naye asubuhi, siku hiyo hupati samaki. Wengine walimuua au kumfukuza.

Mwaka 2006 Mabamba iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ambayo ni orodha ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Wageni walianza kuja kumtafuta korongo huyo huyo, na waliojua alipo ni wavuvi. Leo mitumbwi iliyokuwa ikibeba nyavu hubeba wageni, na mvuvi akimwona korongo asubuhi anajua siku imeanza vizuri.

Tanzania ina maeneo manne kwenye orodha hiyo. La pwani ni Rufiji, Mafia na Kilwa, lililoingizwa mwaka 2004. Kenya iliingiza delta ya Mto Tana mwaka 2012. Aidha, Kenya, Tanzania na Uganda ni wanachama wa makubaliano ya kimataifa ya kuwalinda ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia. Kwa maneno mengine, nchi zetu zimekwisha kukubaliana kuhusu ndege kabla ya kukubaliana kuhusu mambo mengi ya mahindi na maziwa.

KALENDA YA MFANYABIASHARA

Anayetaka kuwauzia wageni hawa ajue kwanza wanakuja lini. Kwa Mida na fukwe za tope, msimu mzuri ni Oktoba hadi Machi. Saa nzuri hupangwa na bahari, kwa kuwa maji yakitoka kabisa ndege hutawanyika mbali, na yakianza kujaa husukumwa karibu na watu. Ndiyo maana waongozaji hubeba ratiba ya bamvua na maji mafu kama dereva anavyobeba leseni.

Lakini kuna msimu wa pili, nao una faida ya pekee. Kilomita chache kaskazini ya Malindi, Mto Sabaki huingia baharini ukiwa mwekundu kwa udongo wa bara. Hapo, kati ya Aprili na Septemba, hutua maelfu ya ndege wadogo wa kahawia wanaoruka kama mbayuwayu, waliotoka kuzaliana Madagascar. Ni miezi ya kusi, ambayo sehemu yake kubwa hoteli za pwani huwa na vyumba vitupu na wafanyakazi wengi hurudishwa nyumbani. Mgeni wa ndege hafuati jua la ufukweni. Anafuata ndege, hata kama kuna mawingu.

Wageni hawa pia wana tabia zao. Huamka saa kumi alfajiri, hivyo wanataka chai na kifungua kinywa cha kubeba. Hukaa siku nyingi sehemu moja. Hupenda nyumba za kulala wageni zilizo karibu na ndege kuliko hoteli kubwa iliyo mbali. Hula matunda, samaki na mboga za eneo. Huhitaji kofia, viatu vya mpira vya kuingilia topeni, mwavuli, bodaboda anayejua njia na mtumbwi usiovuja. Kijana anayetaka kuwa mwongozaji huhitaji darubini, hata ya mtumba, maana huo ndio mtaji wake wa kwanza, kisha kujifunza majina na sauti za ndege na kupata leseni.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani hakuna bidhaa mpya hapo. Machungwa ya Muheza, viungo vya Unguja na Pemba, vikapu, kanga, asali na vitunguu ni vitu vinavyovuka kila siku. Mzigo wenye asili ya Afrika Mashariki usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ukiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, unaweza kupita kwa cheti rahisi cha uasilia bila ushuru wa forodha. Kinachokosekana ni kujua nani ananunua, na mwezi gani.

NDEGE WANAPITA, MGENI ANASHUKA

Kutoka Sabaki hadi Mida, Vanga, Tanga, Pangani, Saadani na Rufiji ni mstari mmoja wa mikoko na tope. Saadani ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, mahali ambapo wanyama wa nyika hufika hadi ufukweni, na mdomo wa Mto Wami una viboko na ndege wengi wa majini. Barabara ya pwani ya kutoka Malindi na Mombasa kupitia Lunga Lunga na Horohoro hadi Tanga, Pangani na Bagamoyo, inayojengwa kwa vipande, inafuata karibu njia ile ile ya ndege.

Mgeni hana wepesi huo. Viza moja ya utalii ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 2014 kwa dola 100, inatumika Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haimo, na aliyemaliza Mida akitaka kwenda Saadani anaanza karatasi upya. Makubaliano ya Kenya na Tanzania ya mwaka 1985 nayo yaliweka utaratibu wa magari ya utalii ya nchi moja kuwashusha wageni kwenye miji maalumu ya nchi ya pili badala ya kuingia nao hifadhini. Mwongozaji aliyemwonyesha mgeni bundi wa Sokoke anamuaga mpakani, hata kama bundi wa pili yuko mwendo wa saa chache tu mbele.

Kila nchi ina sababu zake. Tanzania inalinda ajira za waongozaji wake, na hilo ni jambo la haki. Lakini mwongozaji wa Watamu na mwenzake wa Amani wangeweza kupokezana mgeni pale Horohoro, kila mmoja akafanya kazi kwake. Hilo halihitaji mkataba mpya. Linahitaji wafahamiane na wapigiane simu, kama wafanyavyo wauza machungwa na wapokeaji wao wa Mombasa.

Hatari iliyobaki ni ile inayoweza kuiua biashara yenyewe. Mikoko bado inakatwa kwa mkaa na majengo. Plastiki bado inaletwa na maji, ingawa Kenya ilipiga marufuku mifuko yake mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Ndege aliyeruka kutoka Siberia hana mahali pa akiba. Akifika akakuta tope limefukiwa, hawezi kuongeza kilomita nyingine elfu bila kula.

Kila Januari, wahifadhi na watu wa kujitolea hujipanga kandokando ya maeneo oevu na kuhesabu ndege wa majini, kama wenzao wanavyofanya katika nchi nyingi duniani. Kwa mfanyabiashara, hiyo ni sawa na kuhesabu bidhaa ghalani.

Nilimpigia yule mama nikiwa bado Watamu. Nilimweleza kuhusu kiingilio, ada ya shule, sambusa za kaa na wageni wanaokuja hata miezi ya kusi wakati hoteli ziko tupu. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo. Kisha akauliza swali moja tu: hao wageni wanakunywa juisi ya machungwa?

Nikamwambia wanakunywa, mama. Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kwenda kutazama ndege.